Vumbi Upande wa Ndani

Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi, fundi alikuwa amechomoa plagi nne za gari la mjane na kuzipanga juu ya kitambaa kwa mfuatano wake, ya kwanza hadi ya nne. Zote zilikuwa nyeusi, zimefunikwa masizi makavu. Alikwangua moja kwa ukucha, akainusa, akafuta kidole kwenye ovaroli. Plagi nyeusi maana yake ni moja kati ya mambo mawili: gari linakunywa mafuta mengi mno, au linavuta hewa kidogo mno. Hilo hata anayejifunza kazi wiki ya kwanza analijua. Shughuli ni kujua ni lipi kati ya hayo mawili, na kwa nini siku nyingine gari hilo hilo ni zima.

Fundi huyu walimwita Kwanza, kwa sababu kila gari likiletwa alisema, "Kwanza tulisikilize." Wa gereji za jirani walimcheka sana. Wenzake walikuwa mafundi wa kubadilisha: gari likikohoa, badilisha pampu, likikohoa tena, badilisha koili, likizidi, badilisha mteja. Yeye hakulegeza hata nati moja kabla ya kumwuliza mwenye gari maswali ishirini, na majibu aliyaandika kwenye daftari lenye madoa ya grisi. Wateja wenye haraka walimkimbia. Waliobaki ni wale waliokwishazunguka gereji zote wakachoka, na mjane alikuwa mmoja wao.

Mjane alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke mfupi mwenye pini za cherehani kifuani hata siku ambayo hashoni. Alikaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, mkoba magotini, akajibu.

"Linakosa nguvu lini, mama?"

"Likitaka lenyewe."

"Hakuna gari linalotaka. Asubuhi? Jioni?"

"Asubuhi. Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili linapaa, utasema jipya."

Fundi aliandika Jumapili, akaipigia mstari.

"Likifika wapi?"

"Mlimani. Pale kwenye kona, bomba la kiwanda likianza tu kuonekana. Linapanda vizuri, halafu mara linakaba. Unakanyaga mafuta, wala halina habari na wewe. Linatoa moshi mweusi, linakohoa vifupi vitatu, kirefu kimoja. Tunasimama. Baada ya robo saa linapata nafuu, tunaendelea."

"Vifupi vitatu, kirefu kimoja. Una hakika?"

"Fundi, nimelala na kikohozi hicho miaka tisa. Ni cha marehemu mume wangu."

Fundi aliandika: kikohozi cha marehemu. Kisha akauliza gari linatumia mafuta kiasi gani kwa wiki.

Mume wa mjane alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye kiwanda kilicho upande wa pili wa mlima. Kiwanda hicho kinasaga mawe meupe yawe unga laini, na unga huo unakwenda kwenye rangi za ukuta, kwenye vigae, hata kwenye dawa ya meno. Yeye alikuwa chumba cha kusaga, mashine ya tatu kutoka mlangoni. Alipotimiza miaka ishirini kiwanda kilimpa gari hili, lililokwishachoka mikononi mwa mameneja watatu, wakapiga makofi, wakampiga picha. Kadi ya gari ilibaki kwa jina la kiwanda. Miaka miwili baadaye alikufa, akiwa amekonda hadi pete ya ndoa ikawa inavaliwa kidole gumba.

Sasa, pale kiwandani namba haifi. Hilo kila mtu kwenye nyumba zile za kiwanda analijua, na hakuna anayeliona la ajabu. Mfanyakazi akiondoka duniani, namba yake anapewa mtoto wake mkubwa, pamoja na kabati lake na ovaroli yake, ili daftari kubwa lisichafuliwe kwa kufutafuta. Familia ikiikataa namba, inarudisha nyumba. Anayechelewa mara tatu katika mwezi mmoja, namba inahamia kwa mtoto anayefuata. Mume wa mjane alikuwa namba 417. Sasa 417 ni binti yake, msichana wa miaka ishirini na miwili, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Anayefuata ni mdogo wake wa kiume, ana miaka kumi na sita, bado anavaa kaptura ya shule aliyoshonewa na mama yake.

"Mwezi huu ameshachelewa mara mbili," mjane alisema. "Ya tatu ikifika, wanamchukua mdogo. Ndiyo maana nimekuja kwako. Mimi sitaki hata mmoja wao awe mle ndani, nikuambie ukweli. Lakini kama lazima awe mmoja, basi asiwe huyu mdogo. Unaona mama nilipofikishwa? Nachagua."

Alisema hayo bila machozi, ila mkoba aliubana mpaka ukalia.

"Lilianza lini hili?" fundi aliuliza.

"Mwaka jana. Binti alikuwa idara ya kufunga mifuko. Walipomhamishia chumba cha kusaga, mashine ya baba yake, wiki hiyo hiyo gari likaanza."

Fundi aliandika na hilo, chini ya mafuta ya wiki.

Kwa siku tano alifanya kazi kama anavyojua. Alisafisha kabureta, akapima kimo cha boya, akahakikisha kilango cha hewa kinafunguka chote. Akapuliza njia ya mafuta kutoka tangi hadi pampu. Akagonga bomba la moshi kwa nyundo ya mbao asikie kama limeziba. Akaweka plagi mpya na chujio jipya la hewa, la karatasi, jeupe, alilolifungua mwenyewe kwenye boksi. Kisha akapanda nalo mlima peke yake: zima. Akapanda na mjane: zima. Akaweka mifuko ya mchanga kiti cha nyuma, uzito wa msichana mmoja, akapanda: zima, tena kwa gia ya tatu. Wale wa gereji za jirani walimwona akishusha mifuko wakamwuliza kama ameanza kujenga.

"Bado mtu mmoja," aliwajibu.

Siku ya sita aliondoka na mjane na binti, nusu saa kabla ya wakati wao wa kawaida, mjane kwenye usukani, fundi pembeni, binti nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Lami ilikuwa imeoshwa, hakuna vumbi hata la kumwingia mtu jichoni. Binti alizungumza njia nzima. Alimwambia fundi kuwa mama yake akiendesha huwa anaomba dua kwa gia, kila gia na dua yake, na gia ya nne hana hata dua yake kwa sababu hajawahi kufika. Fundi alicheka bila kuondoa macho kwenye geji aliyokuwa ameiunganisha na injini kupima mvuto wa hewa.

Walipofika kwenye kona, bomba la kiwanda likatokeza juu ya miti. Mshale wa geji ukaanguka. Gari likakaba. Vifupi vitatu, kirefu kimoja.

"Shikamoo baba," binti alisema kutoka nyuma, kwa mazoea.

Mjane aliegesha pembeni, hakuzima. Injini ilikuwa inahema kwa shida, karibu kufa. Fundi alitoa mfukoni mipira ya masikioni, chombo cha daktari cha kusikilizia kifua, akafunua boneti, akasikiliza. Kisha akamwambia binti, "Hebu shuka."

Binti alishuka. Mshale ukapanda, injini ikatulia.

"Panda."

Alipanda. Ikakaba.

"Shuka. Panda. Shuka." Mara tatu, na mara zote tatu ikawa vile vile. Fundi akamwomba mjane ageuze gari litazame nyumbani, binti akiwa ndani. Likaunguruma safi kabisa. Wakaligeuza tena litazame kiwandani, likakaba.

"Kwa hiyo shida ni mimi," binti alisema.

"Shida ni wewe ukienda kule," fundi alisema. "Ukirudi huna shida."

Akafungua kasha la hewa. Lile chujio jeupe la karatasi, la siku tano, lilikuwa limejaa unga hadi mikunjo haionekani. Fundi aliligeuza, akaliinua usawa wa macho, akaligeuza tena. Vumbi la barabarani huganda upande wa nje wa chujio, upande hewa inakoingilia. Upande wa nje wa hili ulikuwa safi kama lilivyotoka dukani. Unga wote ulikuwa upande wa ndani, upande wa injini. Gari halikuwa limeuvuta. Lilikuwa linautoa.

Alilikung'uta juu ya gazeti, ukatoka unga wa kujaa kikombe. Binti akasogeza mkono, akageuza upindo wa ovaroli yake, akaukung'uta kando ya ule mwingine. Hakuna aliyeweza kuonyesha mpaka wa huu na huu.

"Ndiye," mjane alisema. Alichota kidogo kwa ncha ya kidole, akaupangusa kwenye khanga yake, si kwa kuuchukia. "Alikuwa hivi hivi. Akikohoa ukatoka, anapata nafuu. Halafu anakubali. Hakuwahi kumnyima huyu kitu zaidi ya robo saa."

Na kweli, robo saa ilipotimia gari lilipata nafuu. Binti akawahi kazini, dakika nne kabla ya king'ora.

Walirudi gereji. Mjane alizima gari, akamgeukia fundi.

"Fundi, utaandika hayo?"

"Ninaandika kila kitu."

"Si kwenye daftari. Kwenye fomu yao. Gari ni la kwao, kadi ni yao, si lazima wapate ripoti? Andika vumbi ni la wapi. Miaka yote hii sijawahi kupata karatasi moja inayosema vumbi lile lina dhara. Daktari wao alimwandikia dawa ya kifua. Mimi nikisema, mimi ni mjane ninayelia. Wewe ukisema, ni uchunguzi."

Aliyasema kwa matumaini, na fundi aliyaona hayo matumaini yakamtia woga. Lakini aliandika. Fomu ya kiwanda ya ubovu wa magari ina sehemu saba, akajaza zote kwa wino. Penye sababu ya ubovu aliandika: Njia ya hewa imezibwa na vumbi la chumba cha kusaga, linalotoka ndani ya injini kwenda nje, kutoka kwenye mapafu ya mtumiaji wa awali wa gari, ambaye ni marehemu. Hujitokeza gari linapompeleka binti yake kwenye chumba hicho.

Afisa usafiri wa kiwanda aliwapokea vizuri. Alikuwa mtu wa adabu, tai fupi, kalamu tatu mfukoni. Aliwavutia viti, akaisoma fomu yote, akarudia sehemu ya sababu.

"Mzee, karatasi yako ni safi sana," alimwambia fundi. "Wengine wanatuandikia 'gari bovu', basi. Swali moja tu. Haya mapafu ni mali ya kiwanda au ya mtu binafsi?"

"Ya mtu binafsi," fundi alisema.

Afisa aliandika pembeni.

"Baba," mjane alisema, ingawa afisa alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi, "mume wangu ameuawa na vumbi hili. Binti yangu yumo humo humo sasa hivi tunavyoongea. Sina ombi lingine. Atolewe chumba kile. Arudishwe kwenye mifuko, afagie, apike chai, chochote. Atolewe tu."

Afisa alifungua daftari kubwa, akashuka na kidole.

"Mia nne kumi na saba. Mama, namba hii ipo kazini. Ina miaka ishirini na minne kazini. Imekosa siku mbili tu."

"Siku hizo mbili tulikuwa tunamzika."

"Zimeandikwa ruhusa." Alisema kwa upole, na upole wenyewe ulikuwa wa kweli. "Haijawahi kuugua. Mwaka jana ilipewa cheti cha mahudhurio mazuri."

"Ninacho ukutani," mjane alisema, maana kweli anacho.

"Sasa unaona ugumu. Idara ya afya haiwezi kuhamisha namba ambayo haiumwi. Na chumba kile tangu kijengwe hakijapoteza namba hata moja, wakubwa wanajivunia sana hilo. Lakini gari ni jambo jingine. Gari limeandikwa na fundi."

Barua ilikuja baada ya siku tisa, yenye mhuri, imepelekwa nyumbani na mlinzi. Mjane aliisoma kwa sauti mezani, vitambaa vya sare vikiwa vimesukumwa kando. Ilisema kwamba kutokana na uchunguzi wa kitaalamu imethibitika kuwa vumbi la chumba cha kusaga huharibu viungo vya ndani visivyoweza kurudishwa katika hali yake. Kwa hiyo gari lililotajwa litafungwa chujio maalumu la tabaka mbili. Gari hilo lisipite geti la pili, ili lisikaribie chumba hicho. Kivuli kitajengwa kando ya geti la kwanza kwa ajili yake, na litaoshwa kila Ijumaa. Kiwanda kinalitakia nafuu ya haraka.

Mjane aliisoma mara ya pili. Kila neno alilotaka kuliona kwa miaka tisa lilikuwemo.

"Limepata barua kabla yangu," binti alisema. "Mimi hata barua ya ajira ninatumia ya baba."

Mdogo wake alicheka. Mama yao hakucheka. Aliikunja barua, akaiweka nyuma ya kile cheti cha mahudhurio, akarudi kwenye cherehani.

Chujio maalumu lilifika gereji ndani ya boksi la mbao, zito, na maelekezo yake. Fundi alimwita mjane kabla ya kulifunga. Alimweleza wazi: likifungwa hili, unga utabaki huko huko ndani, hautapata njia ya kutoka. Gari litakuwa na nguvu. Kukohoa halitakohoa. Mjane aliuliza leo ni tarehe ngapi. Ilikuwa kumi na nane, na binti alikuwa ameshachelewa mara mbili tena.

"Funga," alisema.

Alifunga. Kesho yake gari lilipanda mlima kwa mkupuo mmoja, likapita kona kana kwamba kona haipo, na binti akafika mapema mpaka akawakuta walinzi wanakunywa chai. Mjane aliingiza gia ya nne kwa mara ya kwanza maishani mwake. Fundi alisikia habari hizo akaandika kwenye daftari lake: limepona. Akachora mstari chini, kama anavyofanya kazi ikiisha.

Wiki mbili baadaye mjane alikuja gereji kwa miguu. Hakukaa.

"Nyumba imekuwa kimya," alisema. "Zamani jioni nikiliegesha uani, likipoa, linakohoa kidogo. Majirani wanasema huyo karudi. Sasa halisemi kitu. Nilikuletea umsikilize, fundi. Sikukutuma umnyamazishe."

Fundi alikuwa na spana mkononi, akaiweka chini.

"Uliniambia nifunge, mama."

"Nilikuambia. Ningekuambia nini kingine?"

Fundi alitazama daftari lake. Miaka thelathini alikuwa akiwasema wenzake kwamba wanaondoa dalili na kuacha ugonjwa, na sasa yeye, Kwanza, mwenye daftari, alikuwa amefanya kitu hicho hicho, tena kwa kifaa cha kiwandani chenye boksi la mbao. Aliona aibu, na aibu ile haikumtoka siku nzima. Jioni alimwomba mjane kesho yake ampe nafasi ndani ya gari.

Walipanda asubuhi, watatu kama siku ile. Fundi aliweka mipira masikioni, akasikiliza kupitia ubao wa mbele. Injini ilikuwa shwari. Geji haikutikisika. Binti hakuzungumza sana. Alisema amechoka, usiku joto lilimzidi. Kwenye kona, bomba la kiwanda lilipotokeza, gari lilipita bila neno.

Kikohozi kilitoka kiti cha nyuma. Vifupi vitatu, kirefu kimoja.

Mjane alikaza mikono kwenye usukani. Hakugeuka, na wala hakupunguza mwendo, maana muda ulikuwa umekwenda. Alifika geti la pili, akasimama penye mstari mpya uliochorwa kwa rangi nyeupe, mwisho wa gari hili. Kutoka pale hadi chumba cha kusaga ni hatua mia mbili, zote za kupanda.

"Hebu geuka," fundi alimwambia binti. "Nipe mgongo."

"Wee! Mimi ni gari?"

"Geuka tu, mwanangu."

Alimwekea kile chombo mgongoni, juu ya ovaroli ya baba yake iliyopunguzwa mikono.

"Vuta pumzi. Toa. Vuta tena."

Alisikiliza muda mrefu kuliko alivyowahi kusikiliza injini yoyote. Upande wa kulia palikuwa na mlio mdogo, mkavu, wa mchanga ukiburutwa sakafuni. King'ora cha kwanza kililia. Binti akamshika fundi bega, akamwambia asikunje uso hivyo, atazeeka, akateremka. Walimwangalia akipanda. Alisimama mara moja njiani, akainama, akashika magoti, akaendelea. Kisha akaingia, na mlango ukafungwa nyuma yake.

"Umesikia nini?" mjane aliuliza.

"Upande wa ndani," fundi alisema.

Mjane aliitikia kwa kichwa. Alitazama kile kivuli kipya cha bati pale geti la kwanza, na ndoo ya kuoshea iliyowekwa tayari kwa Ijumaa. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza mbele ya fundi, paji la uso kwenye usukani, mabega yakitingishika, na fundi akakaa naye hapo mpaka akamaliza. Alipomaliza alijifuta kwa khanga, akauliza kama ana muda wa kumpitisha dukani anunue uzi wa bluu, maana sare za watu zinasubiri.

Mchana fundi alinawa mikono kwa sabuni, jambo ambalo huwa analifanya jioni tu. Akatoa fomu ya kiwanda ya ubovu wa magari, maana hakuwa na fomu nyingine, na ile moja iliwahi kusomwa. Akajaza sehemu zote saba kwa wino. Namba: 417. Mwaka wa kutengenezwa: aliweka mwaka aliozaliwa binti. Mtumiaji: kiwanda. Dalili: linakosa nguvu kwenye mlima, linakohoa vifupi vitatu, kirefu kimoja. Sababu: vumbi la chumba cha kusaga. Hali: bado linaweza kuokolewa. Matengenezo yanayohitajika: lisiingizwe tena chumba kile, kuanzia leo.

Aliisoma mara mbili, akaipeleka mwenyewe mkono kwa mkono. Afisa usafiri hakuwepo. Karani aliipokea, akaigonga mhuri wa kupokelewa, akamshukuru.

Siku ya nne fomu ilirudi gereji ndani ya bahasha. Ilikuwa imeshughulikiwa kwa makini, kila sehemu imewekewa alama ndogo ya kalamu nyekundu kwamba imesomwa. Chini, kwa mwandiko mzuri wa afisa mwenye tai fupi, palikuwa na mstari mmoja: Imerudishwa kwa masikitiko. Namba 417 si gari.

Fundi aliiweka ndani ya daftari, kwenye ule ukurasa aliokuwa ameandika limepona. Ikafika Jumatatu. Gari lilipanda mlima bila shida yoyote, na binti akawahi kazini.